Mama Anataka Tukae

Majengo, Meru
9 Agosti 1993

Ndugu yangu Elphas,

Salamu utazikuta mwishoni kama karatasi itatosha. Leo kuna jambo.

Marete alisimamisha lori lake la viazi hapa dukani jana akitoka Kibirichia, akanipa barua ya mama. Aliyeandika ni karani wa kanisa, maana unajua mama na kalamu hawajawahi kusalimiana. Si ndefu, nakunakilia yote:

"Wanangu Bundi na Elphas. Tangu baba yenu azikwe nimeyabeba haya mambo peke yangu na sasa nimechoka. Nataka tukae kabla ya Krismasi. Iwe kwa Bundi au iwe kwa Elphas, chagueni wenyewe, mimi nitakuja."

Umeona? Mama anataka kuhama mlimani aje kuishi na mmoja wetu. Simlaumu. Nyumba ile ina baridi na yeye ni mjane. Lakini Elphas, wewe unakujua kwangu. Vyumba viwili, mke wangu Nelius na watoto wanne, choo kimoja na wapangaji wengine, na mwenye nyumba amepandisha kodi tena bila hata kupaka chokaa. Mwaka huu tangu bei ziachiliwe, nikitumwa sukari naenda na pesa ya sukari na unga, narudi na sukari. Mshahara wa kuuza misumari na mabati unajua ulivyo.

Wewe uko Embu, makao makuu ya mkoa, na serikali inakulipa mvua inyeshe isinyeshe. Na kila mtu anajua Embu maisha ni nafuu. Ndizi mnaokota. Maembe yanatoka Mbeere yanaozea sokoni. Kwa hivyo naona ni wazi mama aje kwako.

Mambo ya shamba yasubiri. Baba aliliacha bila kuligawa, na mimi nikipata sehemu yangu nitajenga pale niachane na kodi, hilo silifichi. Lakini tukimpokea mama vizuri, naye atatugawia vizuri. Jibu haraka.

Kaka yako,
Bundi

Nafasi imebaki kidogo: salamu kwa mkeo Wambeti.


Ofisi ya Mkoa, Embu
20 Agosti 1993

Kaka Bundi,

KUH: MAKAZI YA MAMA

Barua yako ya tarehe tisa nimeipokea na kuisoma kwa makini. Ningependa kurekebisha mambo kadhaa.

Kwanza, hakuna mtu anayeokota ndizi Embu. Ndizi zinapandishwa malori alfajiri zinaenda Nairobi, na zinazobaki tunauziwa sisi kwa bei ya Nairobi. Mkate ni shilingi kumi na tano. Wewe hapo Majengo unatoka mlangoni unakuta bucha, unakuta maandazi, unakuta mama wa mboga anayekukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Huku hakuna anayekopesha mtu wa ofisi. Wanasema tuna pesa. Mtu wa ofisi lazima avae tai, lazima achange kwa kila harusi ya kila bosi, na akienda sokoni bei inapanda wakimwona viatu tu.

Pili, nyumba yangu ina chumba kimoja cha kulala. Mila yetu haikubali mama alale chini ya paa moja na kitanda cha mwanawe aliyeoa. Hilo halihitaji maelezo.

Tatu, Wambeti ni mtu wa Embu, na mama Kiembu hakisikii vizuri. Watakuwa wanatazamana.

Meru ni kwao mama. Kanisa lake liko karibu, na viazi vyake vitamfuata. Napendekeza akae kwako.

Wako,
E. Kirimi


Majengo, Meru
2 Septemba 1993

Elphas,

Umeniandikia barua ya ofisi. Ilibaki tu mhuri.

Mila? Mlipompata mtoto wenu wa kwanza, nani alilala kwako miezi miwili akimbeba mtoto mgongoni? Si mama huyo huyo? Paa lilikuwa moja, kitanda kilikuwa kimoja, na mila sijui ilikuwa imesafiri. Na Kiembu gani hicho mama hasikii? Walielewana na Wambeti mpaka wakawa wanakucheka wewe.

Haya, tuje kwa bei, maana ndiyo unaipenda. Umeniandikia mkate. Kwa nini hukuniandikia viazi? Nitakwambia kwa nini. Kila msimu Marete anakushushia mlangoni gunia la lumbesa, limejazwa mpaka likashonewa kilemba, na mama hajakudai hata senti. Maharagwe pia. Mwaka jana alikuletea na kuku. Nusu ya chakula chako kinatoka Kibirichia halafu unanililia Embu ni ghali.

Hapa Meru wakulima wenyewe ndio wanaotuuzia, na bado tunauziwa kama wageni. Mirungi inavuta pesa zote mji huu. Mtu wa mirungi akilipa kodi ya juu, mwenye nyumba anataka na mimi nilipe hiyo hiyo. Maji tunanunua kwa mtungi. Makaa yamepanda mpaka Nelius anapika githeri ya mahindi na maharagwe mara moja tunakula siku tatu. Mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi.

Halafu Marete ameniambia kuna seti ya viti vya sofa sebuleni kwako, vimevaa vitambaa, na alikatazwa kuvikalia na suruali ya viazi. Pesa ya sofa ipo, ya kitanda cha mama haipo.

Bundi


Embu
15 Septemba 1993

Kaka,

Sofa ni za mkopo. Nakatwa kila mwezi kabla hata sijaona mshahara wenyewe. Marete abebe viazi, habari za sebule za watu aziache.

Kwa kuwa umeanza, na mimi nimesikia. Mtu wa kwetu alipita Majengo wiki jana akasema jioni watoto wa ploti nzima wamejaa kwa Bundi wakitazama televisheni. Televisheni, kaka. Mtu anayekula githeri siku tatu. Umeme wa kuiwasha hauna bei?

Nimechoka kubishana. Nikisema kodi unasema makaa, nikisema nyama unasema maji. Ungeniuliza nauli peke yake ya kutoka Embu hadi Kibirichia, mimi na mke na watoto, ningekwambia kwa nini hatujaja nyumbani tangu mazishi. Wewe uko karibu, na huendi pia.

Na kwa kuwa umelitaja shamba, kile kipande cha kando ya barabara baba aliniambia mwenyewe ni changu. Wambeti anataka tujenge maduka ya kukodisha. Nisingependa mama akikaa kwako miezi sita, halafu mgao uelekee upande wako. Wala nisingependa akae kwangu halafu useme nilimlaghai. Ndiyo sababu naona tumwandikie kila mtu kivyake, tumweleze hali yetu kwa heshima, aamue mwenyewe.

Elphas


Embu
16 Septemba 1993

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima nyingi. Sisi hatujambo, watoto wanakuulizia.

Mama, nimepata ujumbe wako kupitia kwa Bundi. Furaha yangu ingekuwa tukae na wewe. Lakini Embu ya sasa siyo ile uliyoijua. Mkate ni shilingi kumi na tano. Kodi inameza robo ya mshahara, mkopo unameza robo nyingine. Nyama tunakula Jumapili. Nyumba ni chumba kimoja. Hata nauli ya kuja kukusalimia imekuwa mlima. Ukiona sijafika usifikiri nimekusahau. Ni maisha.

Bundi yuko karibu nawe. Naamini yeye ana nafasi.

Mwanao,
Elphas


Majengo, Meru
18 Septemba 1993

Kwa mama,

Habari za huko. Sisi tupo tu. Nimepata barua yako na ningesema njoo leo, lakini hapa hakuna pa kuweka hata kigoda. Kodi imepanda, makaa yamepanda, karo za watoto zimepanda, mimi peke yangu ndiye sijapanda. Dukani wanasema huenda wakapunguza watu. Kwa hali hii hata nikipewa shamba leo sijui ningelilima na pesa gani.

Elphas ana mshahara wa serikali. Muulize yeye.

Ni mimi,
Bundi


Ruiri
11 Oktoba 1993

Kaka Bundi na kaka Elphas,

Ni mimi Cicily dada yenu, kama bado mnanikumbuka. Hii barua nimeiandika mara mbili, kila mmoja nakala yake, kwa sababu nimesikia mkiandikiana mnagombana.

Mama yuko kwangu wiki hii. Nilimshonea gauni, na mbuzi wamezaa, akaja kuwaona. Barua zenu amesomewa. Anauliza, je, mmechagua kwa nani? Krismasi inakuja. Sijui ni jambo gani gumu hapo. Nyinyi ni wanaume wawili mmesoma, na mama yenu amewaomba kitu kimoja.

Sasa amesema hivi. Ikiwa kwa Bundi hakuna nafasi na kwa Elphas hakuna nafasi, basi tukae kwangu Ruiri. Mimi nafasi ninayo. Nauza maharagwe na mahindi sokoni, mtoto wangu ni mmoja, na tangu nirudi kutoka kwa ndoa ile sijawahi kuwaomba chumvi. Maisha ni ghali hapa pia, mkitaka kujua, lakini sitawaandikia bei.

Alitaka sana nyinyi, si mimi. Lakini mkikubali tukae bila nyinyi, andikeni mseme hivyo, na mtie sahihi, kwa sababu mama hataki baadaye mje kusema mliachwa nje.

Dada yenu,
Cicily Kaari


Majengo, Meru
16 Oktoba 1993

Ndugu yangu mpendwa Elphas,

Umepata nakala yako? Mungu hamtupi mja wake. Cicily amejitolea mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Ruiri kuna joto kidogo, mifupa ya mama itapona. Na wanawake wanaelewana.

Nisamehe maneno ya sofa. Nilikuwa na hasira za kodi. Jumamosi nitamtuma Marete na debe la maharagwe yako.

Jambo moja tu linanisumbua. Unamjua Cicily. Leo anasema hatatuandikia bei, kesho mwezi ukiisha atatuma barua: mama anataka dawa, mama anataka viatu, kila mmoja alete kiasi fulani. Wewe ni mtu wa ofisi. Andika barua iliyofungwa pande zote, asipate mlango wa kutudai. Mimi nitatia sahihi chochote.

Kaka yako,
Bundi


Embu
22 Oktoba 1993

Kaka Bundi mpendwa,

Na wewe nisamehe ya televisheni. Mtoto asipoiona kwako ataiona kwa jirani, afadhali kwako.

Barua nimeiandika. Nilikaa nayo chakula cha mchana chote, nikamwonyesha mwenzangu wa dawati la ardhi, akasema haina ufa. Nimeipiga taipu na kuweka sahihi yangu. Weka yako hapo chini kisha mpe Marete aipeleke Ruiri. Wambeti ameuliza kama tumeelewa vizuri alichosema mama. Nimemwambia Kimeru ni lugha yangu ya kuzaliwa na Kiswahili nimekifanyia mtihani.

Elphas


KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA

Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wana wa marehemu baba yetu na wa Bi. Celina Kaari wa Kibirichia, kwa hiari yetu na tukiwa na akili timamu, tunakubali kwamba mama yetu akae na dada yetu Cicily huko Ruiri bila sisi.

Kutokana na gharama ya maisha katika miji ya Meru na Embu, sisi hatuna uwezo wa kushiriki.

Lolote litakaloamuliwa huko kuhusu mama, makazi yake, mali na matumizi, tumeliridhia tangu sasa. Hatudai na hatutadaiwa chochote, leo wala siku nyingine.

E. Kirimi
Bundi


Kibirichia
29 Novemba 1993

Wanangu Bundi na Elphas,

Anayeandika ni Cicily. Maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze, na kila nikimaliza ananisomea.

Tulikaa Jumamosi ya tarehe ishirini kwake Ruiri. Wazee wa ukoo walikuja wanne, na naibu wa chifu. Cicily alichinja mbuzi. Walikula wakashiba, kisha tukaingia kwa jambo lenyewe, ambalo ni shamba la baba yenu. Ndilo nililotaka tukae kwa ajili yake tangu mwezi wa nane. Nilikuwa nimechoka kulibeba peke yangu, kila siku jirani anasogeza mpaka, kila siku naulizwa mwenyewe ni nani. Nilijua kuja Kibirichia kunawasumbua, nikasema basi mimi ndiye nitakayekuja mjini na wazee wawili, tuketi kwa mmoja wenu siku moja, tunywe chai, tugawane, kila mtu aende kwake.

Mpango wangu nawaambia ili mjue. Upande wa barabara ulikuwa wa Elphas, kama baba yenu alivyosema. Upande wa mto, wenye udongo mzuri, ulikuwa wa Bundi, na mahali pa kujenga palikuwepo. Cicily nilitaka mumkatie kidogo tu pale karibu na jiko langu, naye alikuwa ameridhika.

Barua yenu ikasomwa. Mzee Salesio akaomba isomwe tena. Akauliza, "Hawa vijana wameelewa wanachosema?" Nikamwambia Elphas ni mtu wa ofisi ya mkoa, hawezi kutia sahihi jambo asilolielewa. Naibu wa chifu akaishika, akaigeuza huku na huku, akasema hajawahi kuona wana waliokubaliana vizuri hivi, na kwamba ingekuwa kila familia ina barua kama hii yeye angekuwa amelala. Basi wakaamua. Shamba lote litaandikwa kwa jina la Cicily. Mimi nitalima mpaka mikono ikatae. Karatasi zimekwenda ofisi ya ardhi.

Sasa kuna neno nataka kuwaambia mimi kama mama, na Cicily hataki kuliandika lakini ataandika.

Zile barua zenu za bei zilipokuja, sikuelewa. Nilimwambia Cicily asome tena. Nikamuuliza, hawa wananiambia mkate ni pesa ngapi ili nifanye nini? Nimewahi kuwaomba mkate? Nikafikiri labda mna njaa, nikaanza kutafuta gunia la kuwatumia. Cicily akaikunja barua, akasema, "Mama, wanadhani unataka kuhamia kwao."

Nilicheka. Karani wa kanisa aliandika kukaa, na kukaa ni kuketi na kukaa ni kuishi, kwetu na kwa Kiswahili ni hivyo hivyo, mtu yeyote angeweza kukosea. Cicily akachukua kalamu awaandikie kwamba mmekosea, ni kikao tu. Nikamshika mkono.

Nilimwambia aandike vile vile, kukaa kwa kukaa, asifafanue. Nilitaka kuona. Nilikuwa na siku nyingi za kuwafafanulia na sikuwafafanulia, kwa hivyo msimlaumu dada yenu na msimlaumu karani. Kila lori la Marete liliposimama nilitoka nje, nikifikiri mmoja wenu ameandika, "Mama njoo tutabanana." Neno hilo moja tu. Mngeliandika, ningechana zile barua zote za bei. Ikaja ile ya taipu.

Iliniuma, siwafichi. Nilikaa jikoni siku nzima sikutaka kuongea na mtu. Sasa imepungua kidogo.

Elphas, Wambeti aliniandikia kivyake, wewe hujui. Alisema niende Embu nikitaka, atalala na watoto kwenye hizo sofa. Mwambie nimepokea. Bundi, mwenye duka lako la misumari alimwambia Marete hawapunguzi mtu yeyote dukani. Sitaki kujua mengine.

Nimesikia habari ya shamba imewafikia kabla ya barua hii, na mnataka kuja kuona wazee, na kwamba Elphas anatafuta mtu wa sheria. Njooni tu. Wazee wamesema barua yenu haina ufa, na nasikia, Elphas, hata mtu wako wa dawati la ardhi alishakuambia hivyo.

Krismasi ni kama kawaida. Cicily atapika, mbuzi yuko. Leteni watoto wote, nimewakumbuka sana, na msibebe chochote. Tutabanana.

Mama yenu,
Celina Kaari